Soma Nyuma ya Plastiki Kabla ya Kupaka Supa Gluu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wenye magari wa Arusha na Moshi, hasa wale ambao injini zao bado zinawaka kwa ufunguo mmoja lakini ndani ya gari kila wanachokigusa kinabaki mkononi.

Mimi ni fundi wa viti, Unga Limited. Nilianza na cherehani: kava za viti vya Noah, vitambaa vya paa vilivyolegea mpaka vinamgusa abiria kichwani. Ila huwezi kushusha paa bila kufungua plastiki za nguzo za pembeni, na plastiki iliyokaa juani miaka ishirini na ushee haifunguki kwa kubembelezwa. Yale masikio madogo yanayoshika klipu hukatika hata ukiwa na mkono mwepesi. Mteja anaondoka na paa jipya na nguzo inayolia kra-kra kwenye kila tuta. Ikabidi nijifunze kuunga. Leo hendeli za ndani, vifuniko vya dashibodi, matundu ya hewa na vishikio vya vikombe vinanilisha kuliko cherehani, na mume wangu aliyekuwa akicheka sasa ndiye anayeniokotea bampa zilizotupwa.

Nina jambo moja la kusema. Plastiki za ndani ya gari si za aina moja, na aina yake imeandikwa. Pindua kipande, futa vumbi, utaona herufi zimebanwa kati ya mishale miwili inayotazamana: >ABS<, >PP<, >PC+ABS<, >PA66<. Viwanda viliziweka ili gari likifa, wanaorejeleza plastiki wajue cha kutenganisha na nini. Kwa fundi, herufi hizo zinasema dawa ipi itashika na ipi itakucheka. Hata hivyo napokea magari yaliyopita gereji moja, ya pili, ya tatu, kila mahali yamepakwa supa gluu juu ya supa gluu, na hakuna mkono uliopindua kipande ukasoma.

Mzee mmoja wa Tengeru aliniletea kifuniko cha kisanduku cha dashibodi cha Carina yake. Bawaba ilikuwa na uvimbe wa gundi wa rangi rangi.

"Shikamoo mzee. Hii imegundishwa na watu wangapi?"

"Marahaba mwanangu. Wa mwisho alisema hii gundi inashika mpaka chuma."

Hakudanganywa, supa gluu inashika chuma. Lakini kifuniko kile kilikuwa >PP<, yaani polipropilini, na hiyo haikubali gundi za kawaida. Gundi haitandazi juu yake. Inajikusanya kama maji kwenye jani la mgomba. Ikikauka inakuwa ganda, na ganda linabanduka kwa kucha. Unaweza kupaka mwaka mzima. Zipo praima maalumu za kuiandaa PP ikubali gundi, ila sijaziona kwenye kaunta za maduka ninayonunua, kwa hiyo sisi wa huku PP tunaiunga kwa moto.

Na hapo ndipo bampa za mume wangu zinapoingia. Bampa nyingi za magari ya kisasa ni PP iliyochanganywa na mpira, nyuma utasoma >PP+EPDM< au kitu cha jamii hiyo. Bampa iliyopasuka ikatupwa nyuma ya gereji ndiyo fito zangu za kuchomelea. Nakata vipande vyembamba kwa kisu kikali, naviosha kwa sabuni, navikausha. Halafu nachukua kile chuma cha umeme ambacho mafundi redio wanalehemia. Kwanza nachimba mfereji mdogo kwenye ufa, upande wa nyuma usioonekana. Nalaza wavu wa chuma ndani ya mfereji, naukandamiza kwa chuma cha moto mpaka uzame kwenye plastiki yenyewe, kisha nayeyushia fito ya bampa juu yake na kuichanganya na plastiki ya pande zote mbili. Wavu natoa wapi? Kwenye chujio la chai la chuma kisichoshika kutu, lile la sokoni Kilombero. Chujio moja linatosha magari mengi. Ule mpira uliomo kwenye plastiki ya bampa unaisaidia bawaba isiwe kavu ya kukatika tena.

Moto wenyewe una adabu zake. PP inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na chuma cha fundi redio kinapanda kupita hapo kwa mbali. Ukiona moshi, umezidisha. Plastiki iliyoungua haina nguvu tena hata ikikaa vizuri machoni. Kijana akiniambia "Mama, inatoa moshi ndiyo inashika," namnyang'anya chuma. Fanyia kazi penye upepo. Na kuna vitu sichomi kabisa: chochote kilichoandikwa PVC, kwa kuwa ikichomwa hutoa hewa ya asidi inayokwaruza koo, na klipu zilizoandikwa POM, nazo hutoa hewa mbaya. Klipu zenyewe hazina haja ya kuungwa. Zinauzwa mpya kwa mafungu, bei yake haikuumizi. Nunua.

ABS ina tabia nyingine kabisa. Plastiki inayozunguka redio, fremu za swichi za madirisha na fremu za matundu ya hewa mara nyingi ni ABS. Hiyo inayeyuka kwenye asetoni, ile dawa ambayo saluni nyingi wanafutia rangi ya kucha, ila mimi nanunua safi isiyotiwa mafuta wala manukato. Nakwangua chembe za ABS kutoka kipande kilichokufa, naziweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, namiminia asetoni, nasubiri mpaka iwe nzito ya kuchotwa kwa kijiti. Kinachopatikana ni plastiki ileile katika hali ya majimaji. Ukiipaka kwenye ufa, asetoni inalainisha kingo, inapaa, na pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Hakuna gundi katikati ya kusema itaachia.

Shida yake ni haraka za wateja. Juu panakauka mapema, ndani bado pabichi. Tabaka nene nalilaza mpaka kesho yake, wakati mwingine zaidi. Mteja akiniambia anasafiri jioni, namwambia asafiri na fremu ikiwa kwenye mfuko, airudishe akitoka safari. Wengine wanakasirika. Halafu asetoni inashika moto upesi mno, kwa hiyo haikai chumba kimoja na jiko wala karibu na anayechomelea bodi. Na isisogezwe kwenye kile kioo cha plastiki kinachofunika mita ya spidi: tone moja linatosha kukifanya cheupe chenye nyufa ndogo ndogo, na hapo hakuna fundi wa kukurudishia.

Kama herufi hazionekani, kata chembe mahali pa kificho. Iguse na pamba yenye asetoni: ikinata ni ABS au ndugu yake, ikitulia kana kwamba hujaigusa, elekea upande wa PP. Wengine wanatumbukiza chembe kwenye maji, kwamba PP inaelea na ABS inazama. Ni kweli kwa PP tupu. Lakini PP nyingi za dashibodi zimechanganywa na unga wa talki, ndiyo maana utakuta >PP-TD20<, yaani asilimia 20 ni talki, na hiyo huzama vizuri tu. Kwa hiyo ikielea umepata jibu, ikizama bado hujui kitu.

Nisieleweke kwamba naichukia supa gluu. Ninayo mezani. Kwenye ufa mwembamba wa ABS, mahali pasipovutwa wala kubebeshwa uzito, naitumia na unga wa bikaboneti, ile soda ya kupikia. Unanyunyiza unga kwenye pengo, unadondoshea gundi, sekunde chache pamekuwa pagumu pa kupigwa msasa. Inajaza tundu la skrubu lililopanuka vizuri sana. Ila ni ngumu bila kunyumbulika, na hendeli ya mlango inavutwa kila siku na watu wa kila aina, pamoja na yule jirani unayempa lifti anayefunga mlango kana kwamba anafunga geti la ng'ombe. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki nyeusi. Kazi kubwa ninayoifanya kwenye gari lililopita mikono mingi ni kukwangua supa gluu ya watu, na mteja haioni kazi hiyo, anaona bili tu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Mtu akivunjikiwa na kifuniko, ushauri wa haraka anaopewa ni "tupa hiyo, tafuta ya mtumba." Anazunguka, anaagiza Dar es Salaam, anasubiri basi, analipa. Kipande kinakuja kutoka gari la mwaka uleule, lililokaa juani miaka ileile. Plastiki yake imekauka kama ile aliyotupa, na mara nyingi sikio moja limeshakatika wakati wa kuling'oa kwenye gari lililochinjwa. Rangi ya kijivu haifanani na kijivu cha kwake. Baada ya muda mfupi yuko kwangu na kipande cha pili, na cha kwanza, chenye rangi yake halisi, kimeshachomwa moto jalalani. Mama mmoja wa Njiro alilipa hivyo kwa paneli nzima ya mlango wa RAV4 kwa sababu ya sikio dogo lisilozidi kidole gumba. Angeniletea ile ya kwanza na hilo sikio kwenye bahasha, angelipa sehemu ndogo ya pesa ile.

Kwa hiyo naomba, usitupe kipande. Hata punje. Weka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gari. Sikio likiwepo naliunga. Lisipokuwepo inabidi nilichonge, na kuchonga ndiko kunakopandisha bei.

Kununua kuna mahali pake. Kitu cha nailoni kinachobeba nguvu (nyuma utasoma PA66), kama ule mkono wa ndani ya hendeli unaovuta waya wa kitasa, nanunua. Chochote kinachogusa mkanda wa kiti, nanunua. Plastiki inayofunika tu, naiunga.

Watu huniuliza kwa nini plastiki za huku zinakufa hivi. Jua na joto, ndiyo, na Moshi mjini kuna joto kuliko kwetu. Lakini tazama zinafia wapi. Kioo cha mbele kimeundwa kwa matabaka mawili yenye utando katikati, na utando ule unazuia sehemu kubwa ya miale mikali. Vioo vya pembeni vya magari mengi havina utando huo. Ndiyo maana gari linaloegeshwa kila siku ubavu mmoja ukiitazama magharibi huoza juu ya milango ya upande ule, na upande wa pili bado mzima. Dashibodi inauawa na joto zaidi. Zile laini zenye ngozi ya PVC hutoa mafuta yaliyowekwa kuilainisha. Hayo ndiyo yanayoganda ndani ya kioo cha mbele kama ukungu usiofutika kwa maji matupu. Mafuta yakiisha, ngozi inapasuka. Kipande cha turubai au kadibodi kwenye kioo mchana kinasaidia kuliko dawa yoyote ya chupa.

Na dawa za chupa, jamani. Vijana wa kuoshea magari wanampaka mteja dashibodi inayong'aa mpaka anajiona kwenye kioo. Nyingi ya dawa hizo ni mafuta ya silikoni. Zinapendeza, lakini zikishaingia kwenye ufa hakuna gundi wala rangi ya kupuliza itakayoshika mpaka niisugue kwa sabuni, kisha spiriti, kisha sabuni tena. Ukijua gari linakuja kwangu wiki ijayo, mwambie muoshaji aache. Na fundi anayesafishia plastiki kwa petroli naye aache: petroli inaifanya ABS ipasuke, na inaacha mafuta nyuma.

Magari ya utalii ni sura nyingine. Yanakuja kwetu Aprili na Mei, mvua zikiwa zimepunguza wageni, na kila Land Cruiser inaingia na ndoo ya vumbi la barabara ya Ngorongoro kwenda Seronera. Pale kinachovunja ni mtikisiko. Skrubu moja inalegea, kipande kinaanza kucheza, vumbi linaingia katikati na kukisaga, kisha ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu. Nikiunga magari haya siishii kwenye ufa. Nachukua mabaki ya zulia na kitambaa kizito cha kazi yangu ya viti, nabandika nyuma pale plastiki inapogusana na plastiki au na bati. Kaka mmoja dereva aliniambia wageni wake walidhani amebadilishiwa gari, kwa ukimya. Huo ni ufundi wa cherehani, wala si wa plastiki.

Sitadanganya kuhusu sura. Ile michoro ya ngozi iliyoko juu ya plastiki, ukishapiga msasa hairudi yote. PP hata kupigwa msasa haitaki, inatoa manyoya. Naikwangua kwa wembe. Ndiyo maana naungia nyuma kila inapowezekana, na palipoharibika mbele nafunika kipande chote kwa ngozi bandia na kushona mshono. Anayetaka lionekane kama lilivyotoka meli, simchukulii pesa yake.

Kuna kazi moja naikataa, na hii ningeomba uichapishe hata kama utakata mengine. Mahali penye maandishi SRS AIRBAG, katikati ya usukani na upande wa abiria kwenye dashibodi, sipaungi, sipafuniki, sipashonei ngozi. Kifuniko kile kimetengenezwa kichanike kwenye mstari uliopangwa, mara nyingi umefichwa kwa ndani, ili mfuko wa hewa utoke kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukijaza mstari ule kwa gundi ngumu au fiba, mfuko unaweza kuchelewa, kutokea pabaya, au kurusha vipande usoni kwa abiria. Nimefungua magari niliyokuta mfuko ulishalipuka zamani, kifuniko kimegundishwa na kupulizwa rangi vizuri, na chini yake hakuna kitu. Mwenye gari alilinunua akiamini yumo salama. Ukinunua gari la zamani, geuza ufunguo uone kama taa ya airbag inawaka kisha inazima. Isiyowaka kabisa nayo ni dalili mbaya, huenda mtu ameitoa balbu. Na fundi yeyote atakayefungua plastiki karibu na usukani, atoe kwanza terminali hasi ya betri. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya hapo. Mimi nachemsha chai.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wametoka vyuo vya ufundi wakiwa wanajua kufunga injini, na bodi wanapiga vizuri. Plastiki hawajafundishwa, au wamefundishwa kwa kupita tu. Naomba walimu wa ufundi magari wa VETA na vyuo vingine vya hapa Arusha na Moshi waiwekee somo hii kazi. Vifaa vyake havizidi chuma cha kulehemia, chupa ya asetoni, chujio la chai na bampa kutoka jalalani. Walete wanafunzi Unga Limited, nitawaonyesha bure, ila waje na plastiki zao.

Mwisho ni la msimu. Desemba inakuja, na ndugu zetu wa Moshi wanapanda kutoka Dar na magari yaliyojaa watoto, magunia na mbuzi. Kila mwaka wananijia tarehe 22 wakitaka hendeli iungwe kabla ya Krismasi. ABS haitakauka upesi eti kwa sababu kuna ndafu Marangu. Leteni magari Novemba, na vipande vikiwa kwenye mfuko.

Fundi wa viti,
Unga Limited, Arusha.